Karatasi Nilizobandika Ukutani

Nakumbuka Ijumaa moja ya vita, mwanangu, nilipochanganya gundi ya muhogo ndani ya kopo na kubandika karatasi nne kwenye ukuta wa chuo chetu hapa Kalemie. Nilijiona mtu wa haki.

Chuo kile kilikuwa cha watu wa mji. Wazazi walibeba matofali kichwani ili watoto wasomee ualimu. Mimi nilikuwa kijana wa biro, yaani ofisi ya chuo. Nilijaza fiche, zile fomu za wanafunzi: majina, alama za mtihani wa kuingia, nyumba anamolala, mahali wazazi wanakoishi. Binti mmoja, Ngoie, alisita kwenye swali hilo la mwisho. Wazazi wake walikuwa Ankoro, ng'ambo ya mstari wa vita, na siku zile aliyetoka huko aliitwa mpelelezi.

"Papa, hii ni nani atasoma?" aliniuliza.

"Ni sisi tu, mama. Inabaki humu biro."

Akanitajia, nikaandika.

Nafasi zilikuwa chache, na wazazi wa walioachwa wakajaa uani. Mmoja akasema kumbe mtihani wenyewe ni kuwa mpwa wa direkta. Wakacheka, lakini kicheko cha hasira. Walidai kujua nani ameingia na kwa alama gani. Ilikuwa haki yao. Nasema hivyo hata leo.

Sekretari wetu, Papa Saidi, mzee wa zile familia za wafanyabiashara wa ziwani, aliniagiza nibandike namba za wanafunzi na alama zao tu, kisha wazazi wachague watu wawili waje kukagua makaratasi ya mtihani mbele yake. Nikaona anaficha kitu. Nikamtupia methali, ujana nao: mficha uchi hazai.

Alivua miwani. "Ni kweli. Lakini anayezaa anafunuliwa mbele ya mkunga, si mbele ya soko."

Sikumsikia. Alipokwenda kuswali, nilibandika orodha niliyonakili kutoka kwenye fiche, kila kitu kama kilivyo. Wazazi walisoma wakatulia, wengine wakanipa mkono. Papa Saidi aliporudi alizikwangua zile karatasi kwa kucha zake. Lakini neno likishatoka halirudi. Aliyetaka kunakili alikwisha nakili.

Siku tatu baadaye watu wenye bunduki walifika kwa Mama Adolfina, muuza ndakala, wale dagaa wa ziwani, shangazi yake Ngoie ambaye binti alilala kwake. Walimwita binti kwa majina yake matatu, kwa mpangilio ule niliouandika mimi, wakaitaja na Ankoro. Wakaenda naye. Hakurudi tena, na hakuna aliyetuambia alikozikwa.

Nilikwenda kwa shangazi yake nikamweleza yote, hata ahadi niliyompa binti. Nilingoja matusi. Aliendelea kugeuza ndakala kwenye mkeka, kisha akasema polepole, "Papa, haukusema uongo. Lakini ile kweli ilikuwa ya mutoto wangu. Haikuwa yako ya kugawa."

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu zima, mwanangu. Aliyevunjika ni mtoto wa mtu.

Basi nisikilize. Ukikabidhiwa kazi ya watu, wana haki ya kukuuliza unavyoifanya: umempokea nani, kwa kipimo gani, umekosea wapi. Wape jibu, hata ukiaibika. Lakini nyumba ya mwanafunzi, wazazi wake, ugonjwa wake, lile alilokuambia kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kuingia darasani, hilo ni amana. Usilifungue kabla hujamuuliza mwenyewe. Nawe ukikaa mbele ya meza kujaza fiche, uliza nani atasoma, wala usitosheke na jibu la kijana mwenye haraka. Mimi nilimjibu upesi sana.

Mungu akupe miaka ambayo Ngoie hakuipata, mwanangu, na akusaidie kuiishi kwa upole. Amina.