Mbao Kumi na Mbili za Mjomba Selemani

Harufu ninayoikumbuka ni ya grisi juu ya mbao za mninga zilizoshinda juani. Si harufu mbaya. Ilitoka uani kwetu Mingoyo, kwenye banda la makuti ambamo mjomba wangu Selemani, kaka yake mama, alikuwa akitengeneza malori. Wakati huo alikuwapo Mwingereza, na malori yalikuwa yameongezeka kwa sababu ya yale mashamba makubwa ya karanga huko bara. Yakitoka Lindi au yakirudi, yote yalipita njia panda yetu, na kwa barabara ya siku zile ilikuwa nadra kupita bila kuvunja kitu. Mimi nilikuwa na miaka kumi, labda kumi na moja. Siku yangu ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Nimesoma hadi darasa la nne tu. Haya ninayoyaeleza nimekwisha kuyaandika mara tatu kwenye madaftari, na kila daftari lina tofauti kidogo na mwenzake, kwa hiyo pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Mbao zenyewe zilikuwa kumi na mbili, nene kama vidole vinne vya mtu mzima, na urefu wa dhiraa moja na nusu. Mjomba alizikata mwenyewe kwa msumeno kutoka kwenye gogo alilolinunua Nyangamara, na ilimchukua msimu mzima, kwa sababu alizokata zilikuwa nyingi kuliko alizozikubali. Alikuwa akiugonga ubao kwa mpini wa nyundo huku ameinamisha sikio, kisha akautazama vichwani, ncha zote mbili, kama kuna ufa wa unywele. Wenye ufa ulikwenda jikoni kwa mama. Ubao wenye fundo katikati nao ulikwenda jikoni. Mnazi hakutaka hata kuusikia: alisema mnazi nje ni mgumu na ndani ni nyuzi tupu. Mkorosho, alisema, hupasuka bila kuaga. Tena hakuruhusu mbao zake zipakwe oili, ingawa mafundi wengine walipaka ili mchwa wasile, kwa sababu oili huficha ufa. Grisi iliyokuwapo ilikuwa ya mikono yake, na kila Ijumaa alizisugua kwa majivu mpaka zikaonyesha nyama yake.

Alipoinua lori kwa jeki alizipanga mbili hivi na mbili hivi, za juu zikikata za chini, kama watu wanavyopanga kuni za tanuri la chokaa, upande huu sita na upande huu sita, mpaka chuma cha lori kikakaa juu yake kikatulia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa. Mama alilalamika kwamba kazi ile si ya mtoto wa kike, na mjomba akamjibu kwamba mtoto wa kike ndiye anayejua kuhesabu bila kusinzia. Mbao zikishakaa, alilisukuma lori kwa bega mara tatu kabla hajalala uvunguni. Na gurudumu alilolifungua hakuliacha kando hata siku moja. Alilisukumia chini ya fremu, lilale pale. Alisema jeki ni ya kuinua, si ya kushika. Madereva walimcheka. Yuko mmoja, Mfaume, aliyekuwa akibeba ufuta na mihogo mikavu, yeye alikuwa na mdomo kuliko wote.

"Fundi, unalibembeleza kama mke mdogo," alisema siku moja. "Ingia basi, limekubali."

"Mke mdogo akinikasirikia analala kwa mama yake," mjomba akamjibu, bado anasukuma kwa bega. "Hili likikasirika linalala juu yangu."

Sote tulijua kwamba uhai wa mjomba ulikuwa umekaa juu ya mbao zile, wala hakuna aliyehitaji kutuambia.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito. Barabara ya kwenda Lindi ilikatika mara mbili, na uwanja wetu ukawa tope. Mfaume alikuja na lori lililovunjika springi ya nyuma, limejaa mihogo mikavu chini ya turubai lililotoboka, na mjomba akaondoka kwa miguu na kwa mtumbwi kufuata majani ya springi, yale mabamba yake ya chuma, huko Lindi. Alipokuwa huko, akafariki Bi Zuhura, jirani yetu aliyekuwa akichoma vitumbua pale njia panda. Mvua ilikuwa hainyamazi. Waliokuwa wakichimba kaburi, baba yangu akiwa mmoja wao, walisema udongo unamomonyoka, na fito walizozoea kufunikia mwanandani, ule mfuo wa pembeni anamolazwa maiti, hazingeshika hata mpaka watu watawanyike. Ndipo alipokuja Mzee Hamisi, mwadhini wetu, pamoja na vijana wawili, wameloa mpaka mifupani. Akapiga hodi, akamuuliza mama kama zile mbao za ndugu yake zipo.

Mama alisimama mlangoni. Alisema, "Mbao si zangu, Mzee Hamisi. Ni za Selemani, na ndizo mikono yake." Mzee alingoja, na maji yanamtiririka kwenye kanzu. Kisha mama akasema, "Lakini nani amnyime Zuhura? Mwanangu, waonyeshe." Nikawaonyesha. Nilibeba mbili mwenyewe mpaka barazani, nikizihesabu kwa sauti kama nilivyofundishwa. Zilitoka zote kumi na mbili. Sikuona kama natenda jambo. Niliona tu kwamba banda limekuwa pana.

Mjomba alirudi siku ya pili yake. Mama alimweleza kabla hajaketi, na nakumbuka alisimama akiangalia pale zilipokuwa zikipangwa, halafu akasema, "Mmefanya vyema. Mngekataa ningeona aibu kupita mbele za watu." Naamini alisema kwa moyo. Baadaye wako waliosema kwamba alinung'unika. Mimi sikumsikia akinung'unika, na nilikuwapo. Ila wema ule ulikuwa na upande wa pili ambao hakuna mtu wa kwetu angeweza kuutaja: ukishatoa kitu kwa ajili ya maiti, huwezi tena kusema kwamba kimekupungukia. Ni kama kumdai marehemu. Kwa hiyo alipoanza kutafuta mbao nyingine hakumwambia mtu anatafuta kwa nini. Aligonga magogo ya jirani, yote ya mnazi, akayaacha. Gogo jingine la Nyangamara lisingefika mpaka njia ikauke. Mihogo ya Mfaume ilikuwa imeanza kunuka, na Mfaume naye, nimtendee haki, hakumharakisha kama watu walivyosimulia baadaye. Alisema mara moja tu, "Fundi, mali ya watu hiyo inaota uyoga," akaenda kukaa zake barazani.

Baba yangu alikuwa mwashi, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, na kwake hapakuwa na kitu kigumu kuliko jiwe la tumbawe. Nyumba alimozaliwa ilijengwa kwa jiwe hilo na babu wa babu yake. Alikuwa amekata mawe mapya kwa ajili ya ukuta wa msikiti, mazuri, yenye pembe nne, nayo yamepangwa nyuma ya nyumba chini ya mvua. Aliona shemeji yake anahangaika, akaelewa bila kuambiwa. Akabeba mawe manane, mawili mawili, akayaweka bandani.

"Haya, shemeji," alisema. "Haya yamebeba ghorofa, seuze kigari."

Mjomba aliligonga jiwe kwa mpini wa nyundo. Lilitoa sauti, lakini sikioni mwangu si sauti ile. Akaligonga tena. Alimtazama baba, na baba alikuwa anatabasamu, mikono ina majeraha ya shoka. Nadhani hapo ndipo penyewe. Kulikataa jiwe lile ilikuwa kumkataa shemeji aliyekuolea dada, tena mbele ya dereva, na tena ilikuwa kusema waziwazi kwamba mbao za Bi Zuhura zilikuwa zimeacha pengo. "Ahsante, shemeji," alisema. Akayapanga mawe manne huku na manne huku. Alilisukuma lori kwa bega. Daftari la kwanza linasema mara tatu. La tatu linasema mara moja. Siku hizi naamini mara moja.

Mjomba akaingia. Gurudumu alikuwa amelisukumia chini ya fremu kama kawaida yake. Baba na Mfaume walikuwa barazani wanaongea, mimi nimechuchumaa karibu na jiwe la mbele nikingoja kuombwa spana. Nikaona unga mweupe unashuka kutoka pembeni mwa jiwe, taratibu, kama unga unaovuja kwenye kiroba. Sikushtuka. Tangu nipate akili nilikuwa nikiona unga ule kwenye nguo za baba, kwenye kope zake, kwenye kikombe chake cha kahawa. Nilijua kwamba mawe hutoa unga. Nakumbuka nilisema, "Mjomba, linatoa unga." Mama, aliyekuwa jikoni hatua chache tu, alikuwa akisema mpaka anafariki kwamba hakusikia mtu akisema neno. Huenda nililisema moyoni. Huenda nililisema pole pole. Siwezi kuapa.

Jiwe halikupasuka kwa kishindo. Lilisagika. Lori liliinama upande wangu kama mtu anayekaa chini amechoka, likakalia lile gurudumu, likaishia hapo. Gurudumu ndilo lililookoa kifua chake. Mguu wa kushoto ulikuwa nje ya kivuli cha gurudumu, ukabanwa. Alisema jina la Mwenyezi Mungu mara moja, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leteni jeki, msilivute." Wakaleta. Baba aliipiga ile jeki mpaka viganja vikatoka damu. Mimi nilisimama na spana mkononi. Sikulia, wala sikuhisi kitu, na nikiwa mkweli, tangu siku ile mambo mengi yamenipita vivyo hivyo: harusi yangu, misiba, kuzaliwa kwa wanangu. Nayaona vizuri, lakini nayaona kama kupitia turubai.

Hospitalini waliukata mguu chini ya goti. Aliporudi, baba hakuweza kuingia chumbani kwake kwa siku kadhaa. Alipoingia alikaa chini kwenye mkeka akasema, "Lilikuwa jiwe bichi, shemeji. Limekatwa juzi, limekunywa mvua. Nami nilijua jiwe bichi ni laini, kazi yangu hiyo. Sikufikiri." Mjomba akamjibu, "Hata lingekuwa kavu. Ukuta hukalia jiwe kwa matako, lori hulikalia kwa kidole." Halafu mama akawapelekea uji.

Njia ilipokauka baba alikwenda mwenyewe Nyangamara kununua gogo. Hakuwahi kushika kazi ya mbao, na mjomba alimfundisha akiwa amelala mkekani, akimtukana kwa utani wa mashemeji kila msumeno ulipopinda. "Unakata kama unapasua papai, bwana. Polepole." Safari hii walitengeneza vigoda vinne vizito, miguu imetanuka chini kuliko juu, imefungwa kwa vipande vya kukingama, na kichwani pana mfuo wa kukalisha chuma kisiteleze. Walivijaribu kwa kupakia magunia ya mchanga juu yake, usiku kucha, na asubuhi mjomba aliburuzwa uani kukagua kila kiungo kwa ukucha. Mbao zilizobaki kwenye gogo walizikata kumi na mbili, wakazipeleka msikitini zikae huko kwa ajili ya makaburi. Mama alipoviona vile vigoda alisema ndugu yake sasa ametengeneza kitu ambacho hakuna atakayekuja kukiomba. Mjomba alicheka kidogo. Alifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, akiingia uvunguni kwa kujiburuza kwa viwiko. Hakuna aliyemlaumu baba, hakuna aliyemlaumu Mzee Hamisi, wala mama, wala mimi. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alikuja bila kuitwa na mtu.

Sasa mimi ni mzee, naishi Lindi mjini. Makaburi yetu siku hizi yanafunikwa kwa vipande vya zege vinavyomwagwa mapema, na mafundi wana stendi za chuma za kukalishia gari, zilizochomelewa vizuri, zenye pini na matundu. Ni jambo jema. Sipendi watu wanaosema kwamba zamani kulikuwa bora. Zamani mjomba wangu alipoteza mguu kwa sababu ya adabu. Lakini mwezi uliopita nilikuwa natoka sokoni, nikakuta kijana amelala chini ya teksi kando ya barabara. Stendi ilikuwapo, nimeiona, iko mita mbili pale imeegemezwa ukutani. Gari alilikalisha juu ya tofali la saruji, lile lenye matundu.

"Mwanangu," nikasema, "tofali hilo halifai. Chukua stendi yako."

"Shikamoo bibi," akasema kutoka uvunguni. "Dakika mbili tu namaliza."

"Marahaba. Dakika mbili zinatosha gari kukulalia."

Akacheka, na wenzake waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Mmoja akaniambia, "Bibi, tukupe kazi ya ulinzi?" Sikukasirika. Mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Matofali ya siku hizi huenda ni imara kuliko ninavyodhani, sijasomea. Niliweka kapu chini. Nikasema tena, kwa sauti niliyoisikia mwenyewe na waliyoisikia barabara nzima, kwamba atoke. Hakutoka. Basi nikachuchumaa pale pembeni kwa tabu ya magoti yangu, macho kwenye tofali, nikabaki hivyo mpaka kijana akajivuta nje, akajikung'uta mchanga, akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.