Wanyama wa Muhiddin walivyookolewa na pipa la maji

Jua halijapanda vizuri mtaani Gerezani, na Muhiddin Twaha tayari ameinamia benchi lake la kung'arishia taa za magari. Leo taa zinasubiri. Mkononi ana twiga wa akriliki, plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo. Anamsugua kwa msasa laini uliolowa maji.

"Huyu ni mkubwa wangu," anasema. "Katengenezwa kabla sijazaliwa."

Siku ikiwa njema, taa humpa shilingi elfu ishirini na tano. Chakula kikishatoka, kinachobaki hununua wanyama wa namna hii, mapambo ya sebuleni ya miaka ya hamsini na sitini, kutoka kwa familia za Upanga zinazohama nyumba.

Mwezi uliopita nusura awapoteze wote.

Mama yake, Bi Badria, anayeishi naye, hataki sanamu ndani ya nyumba wanamosali. Kwa miaka Muhiddin aliwaficha kwenye sanduku, uvunguni mwa kitanda. Bi Badria, akisafisha nyumba kuipokea Ramadhani, akalivuta sanduku, akachungulia ndani, akampa wanyama wote muokota plastiki aliyekuwa akipita.

"Nikamwambia, mama, umenimaliza," anakumbuka Muhiddin. "Akanijibu, 'Malaika wapite wapi, mwanangu, na simba kalala uvunguni?'"

Alikimbia hadi yadi ya kusaga plastiki, upande wa Jangwani. Mashine ilikuwa inanguruma. Akaamini wameshasagwa, akakaa chini kulia.

Hakujua kwamba Salma Uledi, anayechambua plastiki kwenye yadi hiyo, hutumbukiza kila kitu kwenye pipa la maji kwanza. Ndoo na vifuniko huelea, kisha huenda kusagwa. Kinachozama ni plastiki ya aina nyingine, kingeharibu mzigo, hivyo hutupwa pembeni.

"Nilimkuta mwanamume mzima analilia sungura," anasema Salma, akicheka. "Nikamwambia, kaka, wanyama wako hawajui kuogelea. Wote wako lundoni pale nyuma."

Swala mmoja tu ndiye aliyevunjika pembe. Wengine wamechubuka, na michubuko ndiyo kazi ya Muhiddin.

Sasa anapanga kutundika kabati la vioo ukutani mwa kibanda chake, wateja wawaone wakisubiri taa. Bi Badria hana kinyongo.

"Huko sawa. Mimi nasali nyumbani, sisali kwenye grisi," anasema. "Siku akiwapanga aniite. Nilipowatoa sikuwatazama hata sura."