Kimya cha Mbuyi

Zamani kijana wa fanfari, bendi ya tarumbeta na ngoma, alibeba ala ya mkubwa wake miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kuipuliza. Siku hizi anajipiga picha nayo asubuhi, na jioni anaitwa msanii.

Liévin alikuwa wa zamani hiyo. Alizaliwa mtaa wa Kamalondo, mtoto wa fundi wa reli aliyetoka kaskazini, na tangu ujana wake alipuliza tuba, ala kubwa ya sauti nzito, katika fanfari ya wafanyakazi wa reli, bega kwa bega na Mbuyi, Mkasai mrefu aliyepuliza baritoni, mdogo wake tuba. Fanfari ile ilikufa pamoja na mishahara. Ala zikauzwa kama vyuma chakavu, na tuba ya Liévin ilipona tu kwa sababu aliifukia chini ya magunia ya makaa.

Mbuyi hakujua kukaa bure. Alikwenda kufundisha fanfari ya wanafunzi wa chuo kimoja cha mjini, bila malipo, na Liévin alimcheka kila Jumapili.

"Bale batoto beko natafuta uniforme, hapana muziki."

"Acha batafute," Mbuyi alijibu. "Mapafu itafuata nyuma."

Mapafu ya Mbuyi mwenyewe ndiyo yaliyomwangusha, mwezi wa nane. Na majani ya kaburi lake hayajaota vizuri, akaja kwa Liévin kijana mmoja aitwaye Aristote, mwanafunzi wa sheria aliyejipa cheo cha maestro, kiongozi wa fanfari ile ya chuo. Konseri ya mwisho wa mwaka ilikuwa imekaribia, nao hawakuwa na mtu wa tuba. Liévin angemwonyesha mlango, lakini siku ya matanga Martine, mjane wa Mbuyi, alikuwa amemuuliza jambo moja: "Papa Liévin, batamupa kimya yake?"

Katika fanfari ya reli, mwenzao akifa, konseri ya mwisho wa mwaka ule ilikuwa na marshi moja, wimbo wa mwendo, ya polepole, ambamo sehemu ya marehemu haikupulizwa na mtu yeyote. Ilipofika zamu yake ya kusikika peke yake, wote waliteremsha ala zao, ngoma ndogo ikaendelea kugonga mwendo taratibu, na ukumbi mzima ukasimama. Watu walisikia shimo pale mtu alipokuwa. Hakukuwa na hotuba wala picha. Mjane alipewa hicho tu, na kilimtosha.

"Nitakuya," Liévin alimwambia Aristote. "Lakini mutamupa Mbuyi kimya yake."

"Papa, ile iko simple! Kimya nayo inaomba mazoezi?"

"Kimya njo inaomba mazoezi kupita byote."

Mazoezi yenyewe yalikuwa aibu. Walikuja wamechelewa na kuondoka mapema, na siku ambayo fundi wa nguo alileta mashati mapya, marshi haikupigwa hata mara moja, kwa kuwa kola zilizua mjadala. Yuko aliyeshika trompeti kwa vidole viwili kama kikombe cha chai. Yuko aliyepuliza huku jicho liko kwenye simu. Msichana wa klarineti tu, Syntiche, ndiye aliyesikiliza wenzake, na Liévin hakumsifu, kwa sababu sifa ndizo zilizowaharibu hao wengine. Kila walipofika kwenye kimya, mmoja alicheka, na wote wakamfuata.

"Siku yenyewe watashika, papa," alisema Aristote.

Siku yenyewe ikafika, Jumamosi ya mvua, katika ukumbi wa parokia. Bango la kampuni ya vinywaji lilikuwa limefunika msalaba. Umeme ulikatika, jenereta ikanguruma nje, na wageni wa heshima walichelewa mpaka watoto wakalala mapajani mwa mama zao. Mshereheshaji alivaa koti linalong'aa, akazungumza peke yake zaidi ya fanfari nzima. Martine aliketi mstari wa mbele, katika nguo zake nyeusi, mikono juu ya magoti.

Marshi ilianza, na kwa muda mfupi Liévin alikaribia kuwasamehe. Syntiche alikwenda vizuri, trompeti zikamfuata, tuba ikawashikilia wote kutoka chini. Kisha zamu ya Mbuyi ikafika. Ala zikateremka. Ngoma ndogo ikabaki peke yake.

Martine akasimama. Alisimama yeye peke yake.

"Bamama na bapapa!" mshereheshaji akapaza sauti. "Batoto bamesahau! Shikeni moyo, batoto! Tubapigie makofi!"

Makofi yakalipuka, na vigelegele juu yake. Pembeni alikuwako mpiga kinanda wa kwaya aliyekodiwa kwa ajili ya sehemu ya dansi, ambaye hakuwahi kufika mazoezini. Akaona afadhali awaokoe, akaanza wimbo wa kuchezesha. Liévin alimkazia macho Aristote. Mkono mmoja tu ungetosha kuzima yote. Aristote aligeuka, akaona simu zote zimeinuliwa kuelekea kwake, akatabasamu, na akaanza kuuongoza ule wimbo. Trompeti zikaingia. Ukumbi ukacheza. Mshereheshaji akamshika Martine mkono: "Mama, cheza, usikae na huzuni!" naye akabaki wima kama mlingoti, huku mkono wake ukitikiswa na mtu mwingine.

Liévin akaweka tuba sakafuni, akashuka jukwaani, akamtoa Martine nje. Wakasimama chini ya ukingo wa bati, mvua ikiwarukia miguuni.

"Hawakumupa," Martine alisema.

"Bamemupa makelele."

"Labda hawakujua, papa Liévin."

"Walijua, mama. Nilibaambia kila siku. Kimya haitoki muzuri kwa video, sababu ni ile tu."

Martine alifunga kitambaa chake vizuri kichwani na kuuliza kama teksi zinafika huko wakati wa mvua.

Aristote alimtumia Liévin ujumbe kwamba konseri ilifana kupita miaka yote. Liévin aliufuta.

Akawakuta vijana wale tena mwezi wa tano, kando ya barabara, kwenye ufunguzi wa duka la simu. Walivaa mashati mengine, yenye jina la duka mgongoni. Aristote akamkimbilia mikono wazi.

"Papa Liévin! Mwaka huu tutakuchukua tena. Na ile kimya tumeitia kwa programu: dakika moja, na muziki kidogo ya huzuni chini yake, bantu basichoke."

Liévin alimtazama. "Ni nani amekufa?"

Aristote akafikiri kidogo. "Bado hakuna mutu, papa. Lakini programu iko tayari."

Wenzake wakacheka. Syntiche hakucheka, alitazama viatu vyake. Lori lililowaleta likapiga honi, wakapanda wakisukumana, na mmoja akapuliza noti isiyo ya marshi yoyote duniani. Lori likakunja kona kuelekea njia ya Kasenga. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya mwisho Liévin kuwaona.