Ukuta Uliovaa Majani

Fundi wa ukuta amekufa. Habari niliipata kwa mama mmoja anayeleta mchele kutoka Kibombo kwa baiskeli. Aliegemeza baiskeli mlangoni pangu, akajifuta jasho, akasema mzee wa boma tumempoteza. Wasomaji wangu mnaujua ukuta wenyewe. Ukitoka Kindu kuelekea Kibombo unauona kando ya njia, umevaa majani kichwani kama mtu aliyeshikwa na mvua sokoni. Wengi mmeupita bila kuuliza. Mimi niliuliza, maana sina shule ya kunifanya nione haya kuuliza.

Lile ni boma la pembe. Zamani za babu wa babu zetu, wafanyabiashara walioitwa Waungwana, waliotoka pande za Zanzibari, walilijenga kwa udongo ili wafungie pembe za ndovu kabla ya kuzipeleka pwani, na pamoja na pembe wakafungia watu wa kuzibeba. Watu haohao ndio walioukanyaga udongo na kuupandisha ukuta. Ulipokauka ulibaki na alama za vidole, vinene na vyembamba, na mvua zetu hazikuzifuta kwa sababu kila mwaka wenyeji waliufunika ukuta kwa majani ya mangungu, yaleyale tunayofungia chikwange, mkate wetu wa muhogo. Nani alianzisha desturi hiyo, hakuna anayekumbuka. Familia ya fundi inasimulia kwamba babu yao wa zamani zile alifungwa mle. Basi siku moja nilimkuta juu ya ngazi, nikamwuliza waziwazi: “Papa, walifunga muzee wako humu. Weye unawafunikia nyumba?” Hakugeuka hata kunitazama. “Nyumba ya nani? Wao walikaa kwa kivuli. Mukono uko mu udongo njo wa muzee wangu. Leta majani, usisimame pale kama mukubwa wa teritwari.” Nikaleta majani, lakini jibu lile halikunitosha.

Miaka ya vita ilikuja, na risasi zilipoanza kulia karibu, mtaa mzima ulikimbilia ndani ya boma. Nilikuwamo, nimelala kifudifudi kando ya mama mmoja aliyekumbatia sufuria yake ya mboga ya sombe na kukataa kuiacha. Risasi ziliuingia ukuta na kubaki humo. Nilifikiri, na bado nafikiri, jinsi mahali ambapo watu walilia watolewe palivyokuwa mahali ambapo sisi tulilia tuingizwe. Vita vilipopoa, mapenzi ya fundi kwa ukuta yakapita kiasi. Yeye alikuwa fundi wa kweli, nyumba nyingi za simenti hapa Kindu ni za mikono yake, na akaanza kuona majani ni fedheha: ukuta uliookoa watu hauwezi kuvaa kama banda la mbuzi. Akaupaka simenti upande mmoja, safi, laini, nasi sote tukamsifu. Lakini maji yalipenya nyuma ya simenti yakakosa pa kutokea. Mvua kubwa zilipokuja, simenti ilibanduka kipande kizima, ikaondoka na ngozi ya ukuta, na vidole vyote vya upande ule.

Alikaa mbele ya kifusi kile kutwa nzima, hajala. Majirani walipotaka kukizoa, aliwakataza. Vijana wakamtania, “Papa, hii njo monima yako?” yaani mnara wake wa ukumbusho. Akawajibu bila hasira, “Njo kazi yangu. Wacheni watu waione.” Halafu akarudi kwenye mangungu, akaulinda upande uliobaki wenye alama za vidole mpaka ugonjwa ulipomlaza. Kisa hiki kimenifikirisha sana, maana sisi tuliopanda maishani kwa nguvu zetu tuna tabia hiyo: tukipenda kitu, tunataka kifanane na mafanikio yetu. Simenti ndiyo iliyotutoa kwenye nyumba za nyasi, tunaiona kama dawa ya kila kitu. Nimepita Kalima nikaona majengo yaliyoachwa ya matofali ya kuchoma, imara kuliko boma, na miti imeota juu ya paa. Yalijengwa yadumu bila mtu. Boma la udongo lilijengwa vibaya, likahitaji watu kila mwaka, na ndilo lililosimama.

Kwenye matanga ya fundi tulikaa chini ya bashi, turubai la kuazima, Wakristo na Waislamu bega kwa bega, mchana wingu likafunga. Majani ya mwaka huu hayakuwa yamewekwa, kwa kuwa mwenye kuyaweka alikuwa kitandani. Tone la kwanza lilipoanguka, mjane aliinuka mkekani. “Toeni bashi,” akasema. “Pelekeni ku ukuta.” Shemeji yake akamnong'oneza kama kwa dada mkubwa, “Yaya, na wageni?” Mjane akatutazama, wazee wazima na kanzu na makoti yetu. “Wageni watakauka.”

Tukaifungua bashi, tukaibeba, tukashika ncha zake juu ya ukuta mpaka mvua ikapita, na mimi nikaloa hadi mfupani. Nilikuwa nimesimama karibu na vile vidole kuliko siku zote. Koti langu lilikauka kesho yake juani. Swali nililomwuliza fundi akiwa juu ya ngazi sasa nina jibu lake, na ninawaachia wasomaji wangu: kitu kilichobaki cha wazee si cha aliyekiamuru wala cha anayekisifu. Ni cha anayekubali kuloa ili chenyewe kisiloe.