Kabati la Ukuta wa Mashariki

Jumamosi iliyopita niliwahi kanisani kwetu hapa Columbus, Marekani, ili niliage kabati. Mbao za kulifunika zilikuwa zimeshaegemezwa ukutani, maana pale patawekwa skrini ya nyimbo.

Nikuambie, rafiki yangu, jengo hili hatukulijenga sisi. Lilikuwa sinagogi. Ni la matofali mekundu, lina madirisha marefu ya vioo vya rangi, na roshani ya mbao walikokaa wanawake. Kabati lenyewe, lenye milango iliyochongwa zabibu, limejengwa ndani ya ukuta wa mashariki, kuelekea Yerusalemu. Humo waliweka magombo ya Torati. Haya nilielezwa na jirani yetu, mama mzee wa Kiyahudi aliyesali humu utotoni, kabla wenzake hawajahamia vitongoji vya mbali. Alikuwa akija, anasimama mbele ya kabati hilo, kisha anatushukuru kwa kupatunza. Alifariki majira ya baridi yaliyopita.

Nilipofungua ile milango, harufu ya mbao kuukuu ilinirudisha kwenye kambi ya wakimbizi kule Tanzania, kwenye kanisa la utoto wangu. Kuta zake zilikuwa za udongo. Sisi watoto tulichota maji, mama zetu wakakanda udongo na majivu, na bibi akasiliba kwa kiganja huku maharage yakichemka nje. Alama za vidole vyake zilibaki ukutani. Mahubiri yakirefuka, nilikuwa napitisha vyangu humo.

Kisha tukahamishwa. Malori yakiwa yananguruma, baba alitaka kuupigilia mlango wa kanisa misumari. Bibi akamzuia, akampa kipande cha kitenge aufungie. "Usikaze fundo," alimwambia. "Atakayekuja naye atataka kusali."

Miaka mingi baadaye nilipita pale. Mvua ilikuwa imemaliza kuta zote, watu wamelima mihogo. Siku hizi dada yangu aliyeko mji wa Buffalo hunipigia simu kuniuliza mlango ule ulitazama wapi, barabarani au mtoni. Namjibu, lakini sina hakika.

Ndiyo maana kikao chetu cha kuamua hatima ya kabati kilinisumbua. Mpwa wangu, msimamizi wa matengenezo, aliniuliza kwa adabu, "Mjomba, kabati tupu litatusaidia nini? Hata wenyewe walihama."

"Na sisi tulihama," nikasema.

"Tumwachie tu," mzee mmoja akatania, "la sivyo atahamia humo ndani na godoro lake." Wakacheka, nami nikacheka. Kisha mikono ikanyooshwa kupiga kura, nikashindwa.

Simlaumu mtu. Mungu alitupa paa tukiwa hatuna, na watoto wanahitaji kuyaona maneno ya nyimbo. Lakini Jumamosi hiyo mpwa wangu alipofika na nyundo, nilimwomba jambo moja: azifunge mbao kwa skrubu, asipige misumari.

Alinitazama, akairudisha nyundo sandukuni. "Sawa, Mjomba. Ila nani atakuja kuzifungua?"

Nilirudishia ile milango taratibu, nikamshikia ubao.