Jiko la Vidonge Uani kwa Mama

Mama yangu ni mpishi wa shughuli. Nalisema hilo kama wengine wanavyosema mama yao ni hakimu. Kwetu Kibuta, wilayani Kisarawe, na hata kwa jirani zetu wa Msimbu, ukisikika uvumi wa harusi au maulidi, watu hawaanzi kwa kuuliza nani anaoa. Wanauliza nani anapika. Wakiambiwa ni yeye, wako wanaoshinda na njaa tangu asubuhi makusudi.

Kifua kilipoanza kumsumbua alikiita mafua. Mafua hayo yakakaa naye msimu mzima wa korosho, yakamfundisha kulala ameketi, na mwisho nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa binti wa rika langu. Alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu, kisha akamuuliza anapikia nini.

"Kuni."

"Na unapikia wapi, mama?"

"Jikoni, mwanangu. Kwani kwenu mnapikia wapi?"

Daktari hakucheka. Alimweleza kwa upole kwamba mapafu yake yamechoshwa na moshi, na kwamba hayatapona akiendelea kuuvuta. Mama alimshukuru, akamwombea mume mwema, na tulipofika nje ya geti akajifunga khanga upya na kuniambia: "Mtoto mzuri yule. Lakini anataka niwe mgeni kwenye shughuli za watu. Nikae mkekani nisubiri sahani?"

Nikaelewa kwamba tukimwambia achague kati ya kifua chake na jiko, atachagua jiko. Atalichagua bila kusita, na tutamzika mpishi.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Kibaha, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mchana kutwa niliandika huku cheche zikiruka upande wa pili wa ukuta. Fundi wa pale alitengeneza majiko ya kuchoma vidonge vya unga wa mbao, ule unaomwagwa kwenye viwanda vya kupasulia magogo. Unga hushindiliwa kwa mashine mpaka unakuwa vipande vidogo, vigumu, vyenye kung'aa kama choo cha mbuzi. Feni ndogo hupuliza hewa chini yake, moto unapanda mweupe, na moshi huungua kabla haujapata nafasi ya kuwa moshi. Nilikuwa nimeyatazama majiko yale kila siku nikienda kuchota maji, kama mtu anavyoutazama mlango wa jirani. Niliporudi kutoka hospitali niliyatazama vingine.

Nikaagiza jiko kubwa, lenye midomo miwili, la kubeba sufuria la shughuli.

Mama hakukataa. Alifanya jambo la hatari zaidi: aliweka sharti. "Shughuli moja," alisema. "Maulidi ya nyumba ya tatu, mwezi ujao. Pilau ikiharibika, unalirudisha jiko lako Kibaha, na habari ya kifua changu haitajwi tena ndani ya nyumba hii."

"Na isipoharibika?"

"Tutaona."

"Hapana, mama. Isipoharibika, kuni zitoke uani."

Alinitazama kama anavyotazama nyama buchani. "Haya," akasema.

Tulilileta kwa kirikuu, jiko limefungwa kamba mgongoni, na bomba la moshi likichungulia nje kama shingo ya mbuni. Fundi alikuja nalo. Alikuwa mtu wa maneno mengi na tumbo kubwa, na kabla hajamaliza shikamoo alishaanza kulinadi.

"Bi mkubwa, hili ukiliwasha majirani watadhani umesafiri."

"Wakidhani nimesafiri," mama akajibu, "shughuli zao watampa nani? Na mimi nimetoka hospitali na vidonge, sasa na jiko nalo linameza vidonge. Nyumba ya wagonjwa hii."

Jiko letu la uani lina kuta za fito na udongo na paa la bati. Fundi alisawazisha sakafu, akalitenga jiko mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita nyuma yake bila kukwaruza kiwiko, kwa sababu chuma kikipata moto, fito zikaushwazo kila siku hufika mahali zikawaka zenyewe. Kazi ngumu ilikuwa bomba. Lilitakiwa kupita katika bati bila kugusa mbao za kenchi, na pale lipitapo livalishwe bomba jingine pana zaidi, ili kati yake na mbao pabaki hewa tupu. Fundi aliyatazama mabati yetu ya zamani, akalitazama tumbo lake, akanitazama mimi.

Nikapanda. Uani kulikuwa na kina mama waliokuja kuangalia, na mama mdogo, ambaye amezaliwa kutania, alisimama chini akiwa ameshika kiuno.

"Dada, umesomesha mtoto mpaka chuo kikuu, leo anatoboa paa!"

"Mwache atoboe," mama akasema. "Akianguka utamdaka wewe, una nafasi."

Nilitoboa. Mikono ilichunwa na ncha za bati, jua la Kisarawe likanikalia mgongoni, na bomba liliponyooka juu ya paa na nikalivika kofia yake ya kuzuia mvua, nilitazama minazi na mihogo inavyoteremka bondeni, nikajiona mkubwa. Nimewahi kumaliza kurasa nyingi, lakini hakuna ukurasa uliowahi kusimama juu ya nyumba ya mama yangu.

Mwisho fundi alitoboa tundu chini ya ukuta, nyuma ya jiko, akaliziba kwa wavu ili kuku wasipite. Hapo alipunguza mzaha. Jiko hili linavuta hewa nyingi, alisema, na tundu hili ndilo pua yake. Lisizibwe. Jiko likiwaka, mlango nao ukae wazi. Moto uliokosa hewa unatoa sumu isiyo na harufu; mtu anasikia usingizi tu, halafu basi. Akatuonyesha vidonge, akatia kimoja katika kikombe cha maji, na mbele ya macho yetu kikavimba na kurudi kuwa unga. Kwa hiyo vikae kwenye pipa lenye mfuniko. Na yeyote asimimine mafuta ya taa kuwashia.

Mama alisikiliza yote, kisha akauliza swali ambalo naamini alikuwa nalo tangu nilipolitaja jiko. "Makaa je? Pilau yangu naipalia. Nitaweka nini juu ya kifuniko?"

Wasiojua upishi wa shughuli hudhani pilau huiva kwa moto wa chini. Moto wa chini huichemsha tu. Mchuzi ukishakauka, mpishi hupunguza moto na kupanga makaa mekundu juu ya kifuniko, na hayo ya juu ndiyo yanayoshuka punje kwa punje na kuachanisha mchele. Mama hufanya kazi hiyo peke yake, mlango umefungwa kwa komeo, kila upenyo umezibwa kwa gunia. Upepo ukipita juu ya makaa, upande mmoja unaiva na mwingine unabaki na kiini. Alifundishwa hivyo na bibi, na mlango wa mpishi anayepalia, kwetu, haugongwi.

Fundi alifurahi kuulizwa. Zima feni moto ukishakolea, alisema, na vidonge vitabaki makaa. Yachote kwa koleo.

Mama akawasha kwa makumbi ya nazi. Moto ulipanda, ukasimama, ukawa mweupe. Alikaa mbele yake akisubiri kukohoa. Hakukohoa. Alitoka nje, akatazama juu ya bomba, hakuona kitu.

"Moto huu una adabu," alisema.

"Chakula kisicho na moshi ni chakula cha wodini," mama mdogo akamjibu.

Siku ya maulidi mawingu yalishuka mapema. Mama alipika vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Alikaanga vitunguu bila kugeuza uso, macho yake makavu, na harufu ya bizari na mdalasini ikafika barabarani bila kubebwa na moshi. Mdomo mmoja wa jiko ulishika pilau, wa pili mchuzi. Mchele ulipokausha mchuzi wake, alizima feni upande wa pilau, akachota makaa, akatutoa wote nje. Mvua ilikuwa inaanza, na upepo nao. Nilisikia komeo likiingia.

Nilikuwa barazani nakatakata kachumbari na wenzangu nilipoinua macho. Kwenye bomba, ambalo tangu asubuhi halikuwa limetoa kitu, ulikuwa unatoka moshi. Mzito, wa njano, wa kivivu. Niliutazama mara mbili kabla ya kuuamini. Kisha nikazunguka nyuma ya jiko mbio, nikainama kwenye tundu, nikaona gunia.

Nikarudi mlangoni, nikagonga.

"Wewe!" mama mdogo akapaza sauti. "Una wazimu? Mlango wa mpishi!"

"Mama, fungua."

"Pilau imefungwa," sauti ikatoka ndani, na sauti ile ndiyo iliyonitisha, kwa sababu ilikuja polepole, kama ya mtu anayesemea kwenye mto. Mama yangu hajawahi kuniambia jambo lolote polepole.

Nilichukua mti wa kuanikia nguo, nikaenda nyuma, nikaupenyeza kwenye wavu mpaka ukachanika, nikalisukuma gunia kwa nguvu zangu zote. Lilitoka. Nikarudi nikaupiga mlango bega, komeo likang'oka na misumari yake, na upepo na mvua vikaingia pamoja nami, mbele ya kina mama wa Kibuta nzima.

Alikuwa ameketi juu ya kigoda, mkono shavuni, kama anayesikiliza taarabu. Nilimshika kwapani, mama mdogo akamshika upande wa pili, tukamtoa barazani. Alitapika. Akasema kichwa kinagonga. Akavuta hewa, akavuta tena, na rangi ilipomrudia jambo la kwanza alilosema lilikuwa: "Umeniharibia pilau."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Wageni walikuwa wameshaanza kusoma katika nyumba ya tatu. Sauti zao zilitufikia, zikipanda na kushuka.

"Nimeharibu," nikasema. "Nalirudisha Kibaha kesho. Lakini humo ndani hurudi ukafunga mlango. Ningeuvunja hata kama ungekuwa wa chuma."

Alinitazama. Sijui aliona nini. Nilikuwa nalia, na mikononi nilikuwa bado na mti wa kuanikia nguo.

"Makaa yangu bado mekundu?" akauliza.

Mama mdogo akachungulia. "Mekundu, dada, lakini upepo unayala."

Mama akasimama. Akajishika nguzo, akangoja kichwa kitulie, kisha akaanza kutoa amri, na nikajua amerudi. Sufuria litolewe. Lote, na makaa yake juu, lije hapa barazani, chini ya upenu, kwenye kona. Kina mama wanne walivaa matambara mikononi, wakalibeba kama jeneza la mfalme, hatua kwa hatua, bila kaa moja kuanguka. Akaagiza yale mabati ya akiba tuliyoyanunua tulipotoboa paa. Akayasimamisha kulizunguka sufuria upande wa upepo, juu pakabaki wazi. Bati moja halikutaka kusimama.

"Mdogo wangu," akasema, "shika hapo."

"Mimi?"

"Si ulisema chakula cha wodini? Haya, wewe ndiye nesi. Shika."

Mama mdogo alilishika bati lile mpaka mikono ikamtetemeka, mvua ikimlowesha mgongo, akilalamika bila kupumzika, na kina mama wakicheka mpaka wakakaa chini. Ndani, jiko lilikuwa limepata pumzi. Moto wa mchuzi ulirudi mweupe, na juu ya paa sikuona tena kitu.

Mama alifunua. Alichota kwa mwiko kutoka pembeni, kutoka katikati, kutoka chini. Akaweka punje kiganjani, akaiponda kwa kidole gumba. Hakuna kiini. Alikwenda kwa kila pembe ya sufuria ile akitafuta kosa, kwa haki, kama tulivyopatana, na asilione. Kisha akanifunika mkono wangu wenye mikwaruzo kwa mkono wake wenye moto.

"Pakueni," akasema. "Watu wana njaa."

Kesho yake asubuhi niliamshwa na mlio wa kuni zikiangukiana. Alikuwa anazigawa kwa majirani, mzigo kwa mzigo, hajavaa hata kilemba. Mlango wa jiko hakuutengeneza. Aliuondoa kabisa bawabani, akaufanya meza ya kukatia nyama.

Juzi nilikwenda kumsalimia nikamkuta na wageni, kina mama wawili waliotoka Kurui kuja kuliona jiko. Sikuingia. Nilisimama uani nikamsikiliza. Alikuwa amewaonyesha bomba, ambalo sasa analipiga brashi mwenyewe kutokea chini, majivu anayoyatoa yakiwa yamepoa, na pipa la vidonge lililofunikwa. Alikuwa amewainamisha wote wawili mbele ya tundu, vichwa chini, kama wanafunzi.

"Hapa ndipo anapopumua," alikuwa anasema. "Mimi niliziba hapa. Niliziba kwa mkono wangu huu, nikaketi, nikasikia usingizi mtamu. Mwanangu akavunja mlango." Akawainua. "Yule mwembamba, mnamjua? Anayeandika vitabu. Na bomba lile juu kaliweka yeye."