Petali Sitini na Nne za Akiki

Mtu akimsalimu Laiq kwa mara ya kwanza, macho humwendea kwenye mkono wa kushoto. Kucha za vidole vitatu zimelika hadi nyamani, kwa miaka thelathini ya kushikilia vijiwe kwenye gurudumu la kunolea. Mwenyewe hauoni tena mkono huo. Anachokiona kila asubuhi ni mkeka wa pili katika karakana yake mtaani Tajganj, mkeka wa mdogo wake Munib, ambao haujakaliwa kwa miaka minne.

Kazi yao ilikuwa ya watu wawili. Laiq alikata petali za akiki, kijiwe chekundu cha thamani, nyembamba kama ganda la kitunguu. Munib alizichora kwa sindano juu ya sahani ya marumaru iliyopakwa rangi nyekundu, akachimba kitanda cha kila petali, na kijiwe kikalala humo bila kuacha nafasi ya unywele. Siku moja, akiwa na homa, Munib alichimba kitanda kimoja kipana mno, akaziba pengo kwa gundi ya rangi. Laiq aliliona. Badala ya kumnong'oneza, aliwasha tochi chini ya sahani mbele ya mnunuzi. Akiki ziling'aa kama makaa. Gundi ikabaki mstari mweusi.

"Kaka, ungeniambia mimi tu," Munib alisema. Alifunga patasi zake katika kitambaa, akahamia Makrana, kwenye machimbo ya marumaru.

Tangu hapo Laiq huuzia karakana nyingine petali zisizo na ua. Hajui zinaishia wapi. Siku nyingine jua huchwa hajasema neno ila kulisemesha gurudumu.

Majira ya baridi yaliyopita alikata petali sitini na nne, akazibandika kwenye karatasi kila moja mahali pake, akazituma Makrana na mstari mmoja: "Chimba upendavyo." Siku arubaini zikapita kimya. Kisha Munib akampigia simu si yeye bali Gulfam, muuza chai wa jirani. Alisema sahani ya petali hizo imekamilika, ataileta mwenyewe, Alhamisi, kwa basi la asubuhi. Kaka yake akigusa tochi, atarudi na basi hilohilo.

Leo ni Alhamisi. Laiq ameshafagia mara tatu.

"Hata bibi harusi hasubiriwi hivi," Gulfam alimtania, akimwekea chai. "Huo mkeka utaufagia uishe."

"Alisema atakuja na patasi zake?"

"Hakusema. Na mimi sikuuliza, nisije nikamkimbiza."

Laiq aliishusha tochi kutoka rafuni, akamkabidhi. "Kaa nayo wewe. Nikiiomba, usinipe."

Gulfam aliitia mfukoni bila utani.

Bajaji ikapunguza mwendo mdomoni mwa kichochoro. Laiq alisimama mlangoni, chai ikipoa nyuma yake, akatega sikio asikie kama katika mzigo unaoshushwa kuna vyuma vinavyogongana ndani ya kitambaa.